Maji ya Kupikia Sabuni Nyumbani

Kazi ya kupika sabuni nyumbani, ambayo wazee wetu waliijua na sisi tukakaribia kuisahau, imerudi tena katika miji yetu ya pwani. Wako mabibi wapikao kwa haja ya nyumba zao tu, kwani mwenye watoto wengi huona namna sabuni ilavyo pesa kila juma. Na wako wengine, khasa wajane na wale ambao waume zao wamekosa kazi, wapikao ili wauze na kujipatia riziki ya halali bila ya kutoka nje ya kizingiti chao. Kila aianzaye kazi hii huuliza kwanza habari za mafuta, kisha habari za kostiki, kisha rangi na manukato. Ama maji, haulizi. Huyateka yalipo karibu, kwa kuwa maji, asema, ni maji.

Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, hakuwa katika hao wasiouliza. Yeye aliambiwa kwamba maji yaliyo bora kwa sabuni ni maji ya mvua, naye alikuwa na pipa lililojaa chini ya mchirizi wa paa lake. Akaazima pesa kwa nduguye, akanunua mafuta ya nazi na mawese meupe, akapika siku tatu mfululizo, akaipanga miche yake juu ya rafu za ukumbini ikauke. Sabuni ilikuwa nzuri, yenye rangi ya siagi, ngumu, yenye povu. Baada ya wiki tano akaipeleka kwa wenye maduka mawili wa mtaani, nao wakaichukua kwa furaha. Haukupita mwezi, miche ile ikaanza kutoka mabaka ya rangi ya machungwa, ikatoa jasho, na ikanuka kama mafuta ya taa ya kale yaliyosahauliwa ndani ya kibatari. Wenye maduka wakamrudishia yote iliyobaki. Wako waliosema kwamba ni kijicho, na wako waliosema kwamba aliuziwa mafuta mabovu.

Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, “Mwalimu, mimi nilifanya kila neno kama nilivyofunzwa. Maji yalikuwa ya mvua.” Nikamwomba anioneshe pipa. Lilikuwa pipa la chuma la mafuta ya gari, limesuguliwa vizuri nje na kupakwa rangi. Lakini nilipochovya kata na kuyamimina maji katika bakuli jeupe, yalikuwa na wekundu mwembamba kama chai iliyotiwa maji mengi. Mbingu zilimpa maji mema, na pipa likayaharibu.

Kwa ajili ya bibi huyu, na kwa ajili ya wengine ambao wataingia katika hasara kama yake wasipoambiwa, nimeona ni wajibu kuyaandika haya.

Yatakikana kwanza tujue maji yana kazi gani katika sabuni. Sabuni ni kitu kizaliwacho mafuta yakutanapo na magadi makali, yaani kostiki soda. Maji si mzazi katika ndoa hiyo. Ni mshenga tu. Kazi yake ni kuiyeyusha kostiki ili iweze kuchanganyika na mafuta, na kazi hiyo ikiisha, maji huondoka kidogo kidogo kwa hewa muda wa wiki nne au sita ambao miche hukaa rafuni. Lakini kila kilichokuwa ndani ya maji hayo, chumvi au chokaa au kutu, hakiondoki pamoja nayo. Hubaki ndani ya mche, nacho hufanya kazi yake huko taratibu bila ya kuonekana.

Sasa nchi yetu hii ya pwani, tangu Lamu hata Kilwa, na sehemu kubwa ya Unguja na Pemba, imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mvua inyeshapo hupita katika udongo, huchukua humo hewa ya mkaa itokayo katika mizizi na majani yaozayo, ikawa kali kidogo, kidogo mno hata ulimi hauhisi. Kisha hushuka katika jiwe la matumbawe na kulilamba, na kuyeyusha chokaa yake. Ndiyo maana maji ya visima vyetu huitwa maji magumu. Yaonekana meupe, safi, na pengine ni matamu kwa kunywa, lakini yamebeba jiwe ndani yake. Ukitaka kuliona jiwe hilo litazame birika lako la chai ulilolichemshia maji ya kisima mwaka mzima: yale magamba meupe yaliyoshika chini na kandoni ndiyo matumbawe, yamerudi kuwa jiwe tena baada ya moto kuifukuza ile hewa iliyoyayeyusha.

Sabuni ikutanapo na chokaa hiyo hufa. Hugeuka kuwa utando wa kijivu usioyeyuka, ule uliao katika ukingo wa karai na kushika katika kola za kanzu nyeupe, ambao watu wengi huudhani kuwa ni uchafu wa nguo. Si uchafu wa nguo; ni sabuni yako uliyoinunua, imegeuka kitu kisichofaa. Wala hakuna povu litakalotoka mpaka chokaa yote iliyomo katika maji iwe imekwisha kushiba sabuni.

Twaweza hata kuhesabu. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, kiasi ambacho si cha ajabu katika visima vya nchi za mawe ya chokaa, hula karibu gramu 1 na nusu ya sabuni katika kila lita kabla ya kutoa povu. Karai la lita 20, basi, limekula gramu 30 bure. Mwenye kufua makarai manne kwa siku amemwaga gramu 120 za sabuni pasipo kuondoa doa moja. Kwa wiki moja ya kufua kila siku, hasara hiyo hupita uzito wa mche mkubwa wa gramu 800.

Hapa ndipo watu wengi wakoseapo, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao. Husikia kwamba maji magumu huua sabuni, wakadhani kwamba sabuni iliyopikwa kwa maji ya kisima haiwezi kuwa sabuni. Lakini tazama hesabu ile ile. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hutaka maji gramu 350 tu. Katika maji machache namna hiyo, chokaa ya kisima kile kile itaua sabuni isiyofika gramu 1, katika mche mzima wa zaidi ya kilo! Haionekani wala haihisiwi. Ukiitia kostiki katika maji hayo utaona yamekuwa na ukungu mweupe, nawe usiogope. Ni chokaa na magnesia zilizokuwamo zimetolewa na ukali wa kostiki, na zaweza kuchujwa au kuachwa. Kwa hiyo ugumu peke yake ni kosa kubwa katika maji ya kufulia, na kosa dogo katika maji ya kupikia. Aliye na kisima cha maji magumu yasiyo na munyu wala kutu, asijinyime kupika kwa kungoja masika.

Watu wa Nablus, katika Palestina, ni ushahidi wa jambo hili. Mji wao uko kati ya milima miwili, Jerzim na Ebal, nayo ni milima ya mawe ya chokaa yenye chemchemi nyingi. Kwa karne nyingi wamepika humo sabuni ya mafuta ya zeituni iliyosifika katika nchi zote za Kiarabu. Na magadi yao zamani yalikuwa majivu ya mimea ya jangwani iliyoletwa kutoka mashariki ya mto Jordan, yakachanganywa na chokaa. Hawakuwa na vitu vingi: mafuta, magadi, na maji. Mwezi wa Desemba 2024 shirika la UNESCO liliiandika kazi yao hiyo katika orodha ya turathi za wanadamu, pamoja na sabuni ya ghari ya Halab katika Shamu.

Munyu, lakini, ni habari nyingine. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vimeingiwa na maji ya chumvi, khasa mwishoni mwa kaskazi, wakati maji ya mvua yaliyomo ardhini yamepungua na bahari imesogea chini kwa chini kushika mahali pake. Chumvi humfukuza sabuni katika maji. Wapishi wa viwandani huijua sana sifa hii nao huitumia kwa makusudi: humwaga chumvi katika pipa la sabuni ichemkayo, na sabuni hupanda juu ikajitenga na maji machafu yaliyo chini. Lakini wewe upikaye katika sufuria moja hutaki kujitenga huko. Mafuta ya mawese, au ya ng’ombe, au ya mbuzi, yakikutana na maji yenye munyu mwingi hukatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, ukabaki na madonge na maji. Ukifaulu kuyashika, mche utakuwa mkavu wenye kumeguka na wenye povu dogo.

Mafuta ya nazi ndiyo yenye subira. Sabuni yake hutoa povu hata katika maji ya bahari, nayo kwa ajili hiyo imejulikana tangu zamani kuwa sabuni ya mabaharia. Hii ni rehema kwetu sisi watu wa minazi. Anayeishi kisiwani asikoweza kupata ila maji ya munyu, na apike kwa nazi tupu, wala asitie mafuta mengine. Wanawake walimao mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja hutengeneza sabuni za mwani zenye mafuta ya nazi, nazo zimepata wanunuzi katika wageni wa mahoteli na hata nje ya nchi. Hata hivyo, nisiseme zaidi ya kweli: kuvumilia si kupenda, na sabuni ya nazi iliyopikwa kwa maji matamu ni bora kuliko iliyopikwa kwa maji ya munyu.

Tumalize habari ya kutu, maana ndiyo iliyomwangusha jirani yetu. Chuma, na pia shaba, hata vikiwa vichache mno katika maji, huyaharakisha mafuta kuharibika. Katika kila mche uliopikwa vizuri huachwa mafuta kidogo yasiyogeuka sabuni, ili ngozi isiumie. Mafuta hayo hukutana na hewa, na kwa kawaida hukaa mwaka mzima au zaidi salama. Lakini penye chuma hugeuka upesi, yakatoa yale mabaka ya machungwa na ile harufu. Ubaya wa kosa hili ni kuchelewa kwake. Munyu hukuonesha makosa yako siku ile ile sufuriani, ukayajua na kuyarekebisha. Kutu hungoja mpaka umekwisha kuuza na kula pesa. Basi maji yoyote yenye wekundu, au yatiayo doa la hudhurungi katika karai jeupe yakiachwa usiku kucha, yasitumike kupikia. Na dawa za kulainisha maji nitakazozitaja mbele hazimfukuzi chuma aliyekwisha kuwa kutu. Hizo ni dawa za chokaa.

Maji ya mvua, yakikingwa inavyotakikana, hayana mshindani. Hayajagusa jiwe wala udongo. Wazee wetu waliijua thamani yake: katika visiwa vya Lamu bado yapo majabia, yale mabirika makubwa yaliyojengwa kukusanya maji ya mvua, na misikiti mingi ya kale ilikuwa na birika zake. Siku hizi twakinga kwa mabati. Mvua ya kwanza ya masika, au ya vuli, iache imwagike kwa muda wa robo saa, kwa maana huosha vumbi la miezi na choo cha ndege juu ya paa. Kisha kinga katika chombo cha plastiki nene, au mtungi wa udongo, au birika ya saruji. Birika mpya ya saruji hutoa chokaa yake miezi ya kwanza, lakini kwa kupikia sabuni, kama tulivyosema, hilo si neno kubwa. Paa lenye kutu halifai. Chombo kifunikwe vizuri, maji yasipate mwanga yakaota ukijani, wala mbu wasitage humo.

Maji ya mfereji je? Kwa kupikia yafaa. Dawa itiwayo na wenye maji ili kuua vijidudu haidhuru sabuni kwa kiasi kile kidogo, na mwenye wasiwasi nayo na ayaache katika ndoo wazi usiku mmoja. Lakini usimwulize jirani wa mtaa wa pili kama maji yake ni laini ukatosheka na jibu lake. Mji wa Zanzibar ulipata maji ya chemchemi ya Chemchem kwa mfereji tangu zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala mwaka 1870 hata 1888, na leo kuna visima vingi vilivyochimbwa mbali mbali. Mombasa hupata maji ya Mzima, na ya Marere katika milima ya Shimba, na ya Baricho karibu na mto Sabaki, na ya visima vya Tiwi. Na maji ya leo katika bomba lako huenda si ya chanzo kile cha mwezi uliopita. Yapime mwenyewe.

Kupima si kazi ya elimu kubwa. Mwaka 1841 mwalimu mmoja wa kemia wa Aberdeen, Thomas Clark, alipata hati ya kulainisha maji kwa chokaa, naye ndiye aliyewafunza watu kupima ugumu wa maji kwa sabuni yenyewe. Wewe waweza kufanya hivi. Kwangua sabuni ya mche isiyo na dawa nyingine, uiyeyushe katika maji ya mvua ya moto, iwe kama uji mwepesi. Twaa chupa mbili sawa, moja utie maji ya mvua hata nusu, na ya pili maji uyapimayo, kadiri moja. Tia katika kila chupa kijiko kimoja cha chai cha uji ule, ufunge, utikise kwa nguvu, kisha uilaze. Endelea kutia kijiko kimoja kimoja mpaka povu likae juu ya maji dakika tano bila ya kuvunjika. Maji ya mvua yatatosheka na kijiko cha kwanza. Yakiwa yale mengine yametaka vijiko sita au saba, na juu yake pameelea vipande kama maziwa yaliyokatika, umekwisha kujua.

Nikiyataja maji laini, sina budi kusema neno juu ya ndugu zetu wa Arusha na pande za mlima Meru. Maji yao mengi ni laini, yana magadi badala ya chokaa, na sabuni hutoa povu kwa wepesi. Lakini maji hayo hayo mara nyingi yana floridi nyingi, ambayo huwatia watoto rangi ya hudhurungi katika meno, wala haitoki kwa kuchemshwa. Yaliyo mema kwa kanzu si lazima yawe mema kwa mtoto.

Kulainisha maji ya kufulia kuko namna mbili zilizo karibu nasi. Ya kwanza ni moto. Maji ya matumbawe mengi ugumu wake ni ule utokao kwa kuchemshwa: yachemshe dakika kumi, uyaache usiku, asubuhi umimine ya juu polepole na kuiacha ile chokaa chini. Lakini kuni na makaa yana bei, na kuchemsha ndoo tano ili kuokoa kipande cha sabuni ni kujidanganya. Ya pili ni magadi, haya haya yatokayo katika ziwa Magadi la Kenya na ziwa Natron la Tanganyika ya zamani, ambayo kila mama ayajua kwa kulainisha maharagwe. Vijiko viwili vya chai vya magadi yaliyopondwa, vikiyeyushwa kwanza katika maji ya moto kisha vikatiwa katika ndoo ya lita 20, vyatosha kwa visima vingi. Ngoja nusu saa, ukungu utue, kisha ndipo utie sabuni. Magadi huondoa hata ule ugumu usioondoka kwa moto. Maji hayo ni ya kufulia tu, msiyanywe.

Zamani, kabla ya kostiki kuletwa madukani, watu walichuja majivu, ya migomba au ya makumbi, wakapata maji makali ya kupikia sabuni laini. Katika kazi hiyo maji ya mvua yalichaguliwa makusudi, kwa kuwa chokaa ya kisima hunyang’anya sehemu ya nguvu ya majivu. Walipima kwa yai: likielea na kuonesha mgongo kadiri ya sarafu, maji yameiva. Namtajia haya anayependa kujua tu. Mwenye kutaka kuuza sabuni ya namna moja kila mwezi hawezi kutegemea majivu.

Sasa nakuja katika lile ambalo laniogopesha kuliko munyu na kutu. Kostiki na maji vikikutana huwaka bila ya moto: joto hupanda upesi hata kukaribia la maji yachemkayo, na mvuke wake hukaba koo. Siku zote itie kostiki katika maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga; usimwagie maji juu ya kostiki kamwe, yatakurukia usoni. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, macho yakiwa na miwani na mikono ikiwa na glavu za mpira. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu huliwa na kostiki huku ikitoa hewa iwakayo. Ndoo za bati nazo haziiwezi. Tumia chuma cha pua, au enameli isiyobanduka, au plastiki nene istahimiliyo maji ya moto. Ikikurukia ngozini au jichoni, osha kwa maji mengi yatiririkayo muda wa dakika ishirini, na kwa jicho uende hospitali baada ya hapo hata kama maumivu yamepoa. Usipake siki.

Na watoto! Maji ya kostiki yakipoa huwa meupe kama maji ya kunywa. Usiyaweke katika chupa ya soda, wala katika kikombe, wala juu ya meza, hata kwa dakika moja ya kwenda kufungua mlango. Mtoto ayanywaye huungua koo na umio, na akipona huenda asiweze tena kumeza chakula sawasawa maisha yake yote. Ikitokea, Mungu apishe mbali, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Katika mlango huo huo ingia hatari nyingine iliyoletwa na elimu nusu. Wako wanaosema kwamba maji bora ni yale yasiyo na kitu chochote ndani yake, yauzwayo kwa ajili ya betri za magari. Kweli, maji yaliyotoneshwa ni mema kwa sabuni. Lakini katika maduka yetu jina hilo moja, maji ya betri, hutumiwa kwa vitu viwili: maji matupu, na asidi. Atakayeitia kostiki katika asidi atalipukiwa usoni. Kwa faida ndogo namna ile, mimi siyaingizi nyumbani kwangu. Na maji yadondokayo katika mashine za kupozea hewa, ambayo wengine huyakinga, ni laini kweli, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba na vumbi. Na habari ya shaba tumekwisha kuisoma.

Swali moja huulizwa na wenye kuchunga dini yao: je, maji yasiyofaa kwa sabuni yafaa kwa udhu? Hizi ni hukumu mbili mbalimbali, zisichanganywe. Maji ya kisima, yawe na chokaa au munyu au wekundu wa udongo wake, ni twahara na yatwaharisha, kwa kuwa mageuko yake yametoka katika mahali pake yalipokaa; na maji ya bahari ni kadhalika kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi mno. Ama maji yaliyogeuka kwa sabuni iliyochanganyika nayo hata yakapotewa na jina la maji, hayo ni twahara lakini hayachukuliwi udhu katika madhehebu yetu ya Shafii. Na anunuaye mafuta ya mnyama kwa ajili ya sabuni aulize yametoka kwa mnyama gani na amechinjwaje. Hanafi wameona kwamba najisi ikigeuka sabuni imekwisha kuwa kitu kingine. Shafii hawakuliona hilo. Mwenye minazi yuko salama na khitilafu hiyo.

Kwa anayetaka kipimo cha kuanzia, hiki nimekijaribu: mafuta ya nazi kilo 1, kostiki gramu 170, maji gramu 350. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji, wala si kwa vikombe. Maji yakizidi, mche huchelewa kukauka na hujikunja. Yakipungua, mchanganyiko huganda kabla hujaumimina, na yasiwe kamwe machache kuliko uzito wa kostiki yenyewe. Sabuni ya nazi hushika upesi, basi ikate siku ile ile kabla haijawa jiwe, kisha uiache rafuni wiki nne kwa uchache.

Jirani yetu hakuitupa miche ile iliyoharibika. Aliifulia vitambaa vya sakafu muda wa miezi. Pipa alimpa fundi wa majiko. Akanunua ndoo mbili kubwa za plastiki zenye vifuniko, akakinga vuli iliyofuata, na mara ya kwanza akapika kilo 2 tu, akaziweka rafuni miezi mitatu kabla ya kumwonesha mtu. Halikutoka baka. Wenye maduka walikataa kuichukua tena, nao siwalaumu. Kwa hiyo sasa huiuza mwenyewe mlangoni, baada ya alasiri, na mara ya mwisho nilipopita alinambia kwamba deni la nduguye limebaki robo.